Mjukuu wangu alizuiwa kucheza mpira wa pete wa chuo kwa sababu ya mtihani wa ndege

Vijana mnaosoma humu, marahaba.

Nimeitanguliza makusudi, maana najua wengi wenu mkishashika simu shikamoo inawakaukia mdomoni.

Naona humu mnaitana wakuu. Haya, wakuu. Mimi ni bibi wa Munisagara, wilaya ya Kilosa, hapa kwenye reli. Nalima mpunga na mahindi. Shule yangu iliishia darasa la nne. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi ikiruka someni hivyo hivyo.

Sina sababu ya kuwadanganya. Mtu anayedanganya hujipamba, na mimi katika habari hii sijapendeza hata kidogo.

Habari yenyewe ni ya mjukuu wangu Penina na hizo kanuni za vyuo zinazosema nani acheze na nani asicheze. Imenichosha roho. Nimeona niitoe hapa ili mwenye mtoto chuoni asikanyage nilipokanyaga.

Kwanza mjue watu, ni wachache tu.

Penina ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake ameolewa Dumila. Baba yake anaendesha roli, leo Tunduma, kesho Kahama, salamu zake huja na upepo.

Halafu kuna Danieli. Danieli ni mtoto wa marehemu dada yangu, tumbo moja na mimi. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, mwisho wa maneno. Kwa hiyo Danieli ni kaka wa mama yake Penina, na kwa Penina ni mjomba.

Na kwetu sisi ukoo unapita kwa mama. Baba anakuzaa, lakini mjomba ndiye anayekusimamia. Shule wakiita mzazi anakwenda mjomba. Posa ikija inakaa mbele ya mjomba. Ukiharibu, anayeaibika ni mjomba. Wa mjini mtasema ni mambo ya kale. Semeni, mimi naendelea.

Danieli alikuwa gangi, wale wanaotengeneza njia ya reli. Penina alipokuwa darasa la tano, Danieli alichukua chuma chakavu akakikunja kikawa pete ya mviringo, akaifunga juu ya nguzo pale uani kwangu. Akamletea na mpira. Kuanzia hapo nyumba yangu haikulala mchana. Pu, pu, pu, mpira unadunda, kuku wanakimbia, na mimi naita "Penina, maji!" haji mtu.

Sikupenda. Niliona mtoto wa kike anajifunza kuruka badala ya kujifunza kusonga ugali.

Alipofika kidato cha tatu akaja likizo na sketi ya mchezo iliyoishia mahali ambapo sketi hazipaswi kuishia. Siku ile ile nikapanda kwenye kiti, nikaing'oa ile pete, nikaipeleka jikoni nikaiweka chini ya mtungi wa maji. Ilitosha kabisa kama iliyopimwa. Mtungi wangu ulikuwa unayumba, tangu siku hiyo ukatulia.

Danieli alipokuja akaona nguzo tupu, akaingia jikoni, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama mdogo, naona mtungi umefunga goli."

Nikamwambia atoke jikoni kwangu.

Penina hakuacha mpira. Alichezea shuleni, akamaliza kidato cha nne, akapata nafasi chuo kimoja cha kati upande wa Mikumi. Jina silitaji. Anasomea kuongoza watalii, wale wanaowaonyesha wageni wanyama huko mbugani.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mchawi alipokaa.

Chuo kilileta fomu ya kujiunga. Danieli akaja siku hiyo amevaa shati jeupe, kalamu mfukoni, akijua ni kazi yake kama mjomba. Kwenye fomu pana mstari: JINA LA MZAZI AU MLEZI. Akaikunjua mezani, akatoa kalamu.

Nikaipokonya.

Nilikuwa bado na kinyongo cha pete. Nikamwambia, "Wewe utaandikwa siku watakapoandikisha mpira. Mtoto huyu amekula ugali wa nani?"

Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikatia sahihi. Penina akaniangalia, akamwangalia mjomba wake, akainamisha kichwa.

Danieli hakukasirika. Alisema tu, "Haya mama mdogo, andika wewe. Kalamu umeshika wewe, mtoto ni wetu."

Lakini aliyembebea sanduku mpaka Mikumi ni yeye. Aliyekuwa anaitwa chuoni mtoto akiumwa ni yeye. Mimi nilikuwa jina kwenye karatasi.

Ngoja niinjike sufuria, narudi.

Nimerudi.

Basi huko chuoni Penina akawa mchezaji. Mpira wa pete una wachezaji saba na kila mmoja ana herufi zake kifuani. Yeye ni GS, yule anayesimama karibu na pete akafunga. Mwaka wa pili alikuwa anasifiwa mpaka vyuo vingine.

Na hapa ndipo penye uzito. Kuna timu ya taasisi fulani kubwa, wachezaji wake wanapewa ajira. Wanapita kwenye michezo ya vyuo wanachagua wasichana. Kocha wao alishamwona Penina mara moja akamwambia, "Nitakuja kukuangalia kwenye michezo ya Mikumi. Ukicheza hivi hivi, ukimaliza chuo una pa kwenda."

Mnajua ajira ilivyo. Kijijini kwetu kuna mwenye digrii anachoma mkaa. Kwa hiyo hata mimi, pamoja na ukali wangu, nilianza kuuliza kwenye simu, "Umefanya mazoezi leo?"

Masika haya, siku ya Jumatano, Danieli akafa. Presha. Asubuhi alikuwa relini, mchana hayupo.

Nikampigia Penina. Alhamisi asubuhi akafika, tukazika jioni ile. Kuanua tanga kulipangwa Jumamosi.

Alhamisi hiyo, tumetoka makaburini, Penina akanijia jikoni.

"Bibi, kesho nina testi. Naomba niondoke alfajiri, nikifanya nitageuza. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapa."

Nikamwuliza testi ya nini.

"Ya ndege. Tunaonyeshwa picha, tunasikilizishwa milio, tunataja."

Wakuu, nilimjibu nini? Nilimjibu hivi: "Mpwa haondoki mkekani kabla tanga halijaanuliwa. Ndege wataruka hata wiki ijayo. Danieli hazikwi mara mbili."

Akasema, "Bibi, kuna kanuni."

Nikamwambia, "Na hapa kuna kanuni."

Akakaa. Mtoto mtiifu. Laiti angekuwa mkaidi siku ile.

Jumamosi wapwa wote wakakaa mkekani, ukoo ukamchagua atakayeshika nafasi ya Danieli, tukala, tukatawanyika. Nilijiona nimesimamia mila barabara. Jumatatu Penina akarudi chuoni, akaenda kuomba afanye testi aliyoikosa.

Pale wana fomu ya ruhusa ya msiba. Wanauliza: marehemu ni nani kwako? Na kuna orodha. Baba, mama, mlezi, mume au mke, mtoto, ndugu wa kuzaliwa. Akifa mmoja wa hao unapewa testi yako upya ndani ya wiki mbili. Akifa mwingine yeyote, pole sana, utaifanya mwisho wa muhula.

Penina akaandika: mjomba.

Kijana mmoja pale ofisini akamnong'oneza, "Wewe mgeni? Andika baba. Kuna mwenzako humu ameshazika baba mara tatu."

Penina akakataa. Baba yake yuko hai anakula nyama choma Tunduma, wewe unamwandika maiti? Kwetu hiyo ni laana. Hapo nilimsifu na bado namsifu.

Akabaki na mjomba wake kwenye fomu, na mjomba hayumo kwenye orodha. Somo la ndege likaandikwa HALIJAKAMILIKA.

Sasa kanuni ya michezo. Anayetaka kuchezea chuo lazima awe na kitambulisho cha mwaka huo, awe amehudhuria vipindi, na coursework yake, yaani alama zake za muhula, iwe imekamilika masomo yote. Pengo moja tu, huchezi. Na michezo ya Mikumi ilikuwa kabla ya mwisho wa muhula.

Wakabandika orodha ukutani. Penina amechorwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa "hajakidhi vigezo".

Akanipigia analia. "Bibi, sijakidhi vigezo."

Kigezo! Mimi nimezaa saba, nimezika watatu, nimelima miaka yote hii, na sijui kama nimewahi kukidhi kigezo hata kimoja.

Na kilichonichoma zaidi ni hicho cha ndege. Mtoto aliyekua anafukuza kwelea kwelea kwenye mpunga wangu tangu kabla jogoo hajamaliza kuwika! Anamjua ndege kwa kivuli chake tu! Eti ndege ndiye aliyemkwamisha.

Nikavaa, nikapanda bodaboda mpaka Kilosa mjini, nikapanda gari la Mikumi. Njia nzima napanga maneno. Aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "Mama, unaongea na mimi?" Nikamwambia hapana, naongea na chuo.

Ofisi ya mitihani nikamkuta binti mdogo wa miwani. Akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika mjukuu wangu hajakidhi vigezo?"

"Karibu ukae, bibi. Mjukuu wako ni nani?"

Nikakaa. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Pole na msiba. Marehemu ni mjomba wake wa damu?"

"Kuna mjomba wa maji?"

"Namaanisha, yeye na mama yake Penina walizaliwa tumbo moja?"

"Mama yake Penina nimemzaa mimi. Marehemu alizaliwa na dada yangu."

"Kumbe ni binamu wa mama."

Hapo nikasimama. Nikamwambia binamu aende akamtafute kwao. Nikamweleza mjomba ni nani kwetu, anafanya nini, amefanya nini kwa mtoto huyu. Sauti ilipanda, watu wakachungulia mlangoni. Nikasema huyu ndiye aliyembebea sanduku. Huyu ndiye mliyempigia simu alipougua malaria. Huyu ndiye aliyekaa kwenye benchi lenu nje hapo siku nzima akisubiri mtoto apate nafuu. Ninyi mnamwita binamu!

Binti akaniangalia vizuri. Kisha macho yakamng'aa.

"Bibi, kumbe alikuwa mlezi wake?"

"Alikuwa nani mwingine?"

"Basi mbona imekwisha! Mlezi yumo kwenye orodha. Natafuta faili, nikiona jina lake tu, Penina anafanya testi kesho na jina linarudi kwenye timu."

Wakuu, mnajua kinachokuja.

Akatoa faili. Akafunua ile fomu ya kujiunga. Akaigeuza upande wangu na kidole chake akakiweka kwenye mstari.

Jina langu. Herufi kubwa. Sahihi yangu kama jongoo.

"Hapa mlezi umeandikwa wewe, bibi. Na wewe, tunamshukuru Mungu, uko hai."

Nilijibu nini? Nilisema, "Futa, andika Danieli."

Akavua miwani. "Bibi, ameshafariki. Siwezi kumwandikisha marehemu leo awe mlezi."

Nikaisoma tena ile sahihi. Yule binti alikuwa na haki. Kanuni waliyoiweka inamjali mtoto aliyefiwa na mtu anayemlea, ni kanuni nzuri tu. Nilikuwa nimefunga safari kutoka Munisagara kuja kugombana na mwandiko wangu mwenyewe.

Nikatoka. Getini nikakutana na mwalimu wa michezo, kijana wa filimbi shingoni, viatu vyeupe, kelele zangu zilikuwa zimeshamfikia.

"Mama mkubwa, usijali kabisa. Hili tutalimaliza kiutu uzima."

Sikumwelewa. Nilidhani anakwenda kumwomba mkuu wa chuo. Nikamshukuru hata. Nikamwambia Mungu akubariki. Baraka ile naidai irudi.

Wiki iliyofuata, siku moja kabla ya mchezo, Penina akanipigia.

"Bibi, kesho usije uwanjani."

"Nani alisema nakuja?"

"Nasema tu usije."

Sasa mtu akikwambia usije mahali ambapo hukuwa unakwenda, si ndiyo unavaa viatu?

Nikafika Mikumi asubuhi. Uwanja uko si mbali na barabara kuu, maroli yanapita yanapiga honi, wasichana wanashangilia. Nikanunua karanga kwa mama mmoja, nikasimama kwenye kamba.

Nikamwona Penina. Amevaa vesti ya chuo, GS kifuani.

Moyo ukaruka, nikasema kumbe yule kijana amefanikiwa! Kisha nikaona wachezaji wamepanga mstari mbele ya meza, na mezani kuna mama mmoja mnene, mkaguzi, ametoka chuo kingine. Kila mchezaji anampa kitambulisho, karatasi ya matokeo na nakala ya fomu ya kujiunga, naye anauliza. Mama wa karanga akaniambia jana yake kulikuwa na malalamiko ya mamluki, ndiyo maana leo wanahojiwa mmoja mmoja.

"Mamluki ndiyo nini?"

"Wasioruhusiwa, mama. Wanachezea karatasi za wenzao."

Karanga zikanishinda.

Nikasogea mpaka kamba ikanigusa tumbo. Zamu ya Penina ikafika. Akatoa kitambulisho. Mkaguzi akakisoma kwa sauti, na jina alilosoma halikuwa la Penina. Lilikuwa la Rehema, msichana wa darasa lingine ambaye kweli wamefanana kidogo paji la uso.

Kumbe kiutu uzima ndiyo hivyo! Mwalimu alikuwa amemkaririsha usiku na mchana. Jina la Rehema, mwaka wa Rehema, masomo ya Rehema.

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"Unasoma nini?"

Akajibu.

"Jina la mlezi?"

Rehema analelewa na baba yake, anaitwa Hamisi. Penina alikuwa analijua jina hilo kama sala. Akafungua mdomo, na macho yake yakaruka juu ya kichwa cha mkaguzi yakaniona mimi kwenye kamba na kikapu changu.

Sikumwita. Sikutikisa kichwa. Naapa sikufanya kitu.

Akasema, "Danieli."

Mkaguzi akaangalia karatasi. "Hapa pameandikwa Hamisi."

"Danieli," akasema. "Ni mjomba wangu. Amefariki."

Mwalimu akaruka. "Amechanganyikiwa, madam! Huyu ana msiba!"

"Msiba wa nani, mwalimu? Wa Hamisi?"

Watu wakacheka. Upande wa pili wakaanza kuimba "Mamluki! Mamluki!" na kupiga makofi. Mkaguzi akaweka kalamu chini, akamwambia kwa sauti ya mzazi, "Vua hiyo vesti, mwanangu." Mtoto akaivua mwenyewe, akaikunja vizuri mara mbili, akaiweka mezani.

Mimi nilitaka kumchapa. Pia nilitaka kumkumbatia. Mikono ikabaki imeshika kikapu.

Wakaingiza msichana mwingine nafasi yake, mfupi, mwenye bidii lakini mpira ukawa unapita juu yake kama wale ndege wenyewe. Penina akakaa benchi, amewashikia wenzake chupa za maji.

Wale wa timu ya taasisi walikuwepo. Wanawake wawili, kofia, madaftari. Mmoja alikuwa ndiye yule kocha aliyemwahidi. Walikuja kwa ajili ya GS. Walimwangalia alivyokaa benchi, wakanong'onezana, wakafunga madaftari. Kipindi cha kwanza hakijaisha walikuwa wameshaingia kwenye gari lao.

Nilitazama lile gari likikata kona kuelekea Morogoro. Ndilo hilo. Ndiyo ajira yenyewe iliyokuwa inaondoka pale.

Timu ya chuo ikafungwa. Mchezo umekwisha, Penina akaja pale kwenye kamba. Tukatembea mpaka stendi.

Mwishoni akasema, "Bibi, umekasirika?"

"Nani kakutuma kusema Danieli?"

"Ulivyonikazia macho, Hamisi akanitoka kabisa." Akacheka kidogo, kicheko kibaya cha mtu anayelia. Kisha akasema, "Halafu Mjomba angenidharau, bibi. Ile pete alinitengenezea mimi. Hakumtengenezea Rehema."

Wakuu, nilipanda gari nikakaa dirishani.

Yaliyofuata ni haya. Penina alipewa barua ya onyo, na aliistahili. Aliniuliza kama nitakwenda kumwombea isiwekwe kwenye faili. Nikamwambia iwekwe. Mwalimu wa filimbi ameondolewa kwenye timu. Nasikia anasema bibi mmoja ndiye aliyemharibia. Nimwambie humu humu kama anasoma: bibi ndiye mimi, na kilichokuharibia ni utu uzima wako.

Ile testi ameifanya juzi, mwisho wa muhula. Ndege wote kawataja, mpaka mmoja ambaye mwalimu mwenyewe alisema mlio wake unawasumbua wengi. Kwa hiyo sasa amekidhi. Amekidhi wakati uwanja umeota nyasi.

Mwakani ni mwaka wake wa mwisho. Wale wa madaftari watakuja tena? Watamtaka msichana aliyeitwa mamluki mbele yao? Sijui. Yeye anafanya mazoezi kama vile anajua.

Niliyojifunza nitawaambia, na wenye vichwa vigumu kama changu msikilize mara mbili.

Mtoto wako akichezea chuo, zisome kanuni za michezo mwanzo wa mwaka, siku hiyo hiyo unaposoma ada. Mguu unaruka uwanjani lakini ruhusa yake inatoka darasani. Nilikuwa nauliza mazoezi, siku moja sikuuliza coursework.

Mwanafunzi akikwambia ana testi, usimjibu kama nilivyomjibu. Tanga lingemsubiri. Danieli mwenyewe angemfukuza mkekani akafanye testi, namjua.

Na fomu ni kitu kizito. Mliokwenda shule mnajaza huku mnatafuna. Mstari wa mlezi mwandikeni anayelea kweli, si mwenye nyumba, si mwenye sauti kubwa. Mimi niliandika kinyongo changu, na chuo kikakisoma kama kilivyoandikwa.

Kwa wakubwa wa vyuo nina moja tu. Binti wa miwani hana kosa, lakini hiyo orodha yenu aliiandika mtu ambaye kwao hakuna wajomba. Muulizeni mtoto siku ya kwanza: kwenu nani akifa umefiwa? Andikeni hilo.

Sasa mnaweza kuandika ya kwenu. Waliocheza vyuoni, mlikatwa kwa lipi? Wazazi wenzangu, fomu za watoto wenu zina jina la nani, na mna uhakika? Atakayesema hii ni chai, mnavyouita uongo humu, aje Munisagara, nitampa chai ya kweli na muhogo, kisha nitampeleka kaburini kwa Danieli amwambie yeye.

Matusi sisomi, Penina amenifundisha pa kubonyeza.

Siku ile niliporudi kutoka Mikumi jua lilikuwa bado liko juu ya mpunga. Sikukaa. Niliingia jikoni na viatu vyangu vya safari, nikamkuta binti yangu mdogo Tabita anachota maji, na mtoto wake Eunice anayesubiri kwenda kidato cha tano yuko mlangoni na fomu yake ya shule mkononi, anauliza aandike nani. Nikawaambia wote wawili, na walioko uani wasikie:

"Fomu hiyo iwekeni, ataijaza mjomba aliyekalia nafasi ya Danieli, kwa mkono wake. Tabita, mwaga hayo maji, shusha mtungi. Pete irudi kwenye nguzo sasa hivi."